Acheni Kuwadai Shukrani

Kila mwaka, kuanzia Februari hadi Aprili, barua zenye nembo za vyuo vikuu vya Marekani huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kundi la ukoo, kundi la waliosoma pamoja, kundi la jumuiya ya kanisa au msikiti. Kijana wetu amepata ufadhili kamili. Kalipiwa kila kitu. Pongezi zinamiminika, dua zinaombwa, na mjomba mmoja anaandika kwamba wenzetu wale wana moyo wa kutoa. Furaha hiyo ni ya haki, maana kupenya katika udahili wa shahada ya uzamivu si jambo dogo. Ninachokipinga ni imani inayoambatana na barua hiyo: kwamba kijana amepewa sadaka, kwamba tangu siku hiyo anadaiwa fadhila, na kwamba siku akilalamika ataonekana mtovu wa shukrani. Imani hiyo ni ya uongo, na inaumiza watu.

Isomwe barua yenyewe, mpaka aya ambazo huwa hazipigwi picha. Barua nyingi za aina hii zinaeleza kwamba mwanafunzi atakuwa msaidizi wa kufundisha au msaidizi wa utafiti kwa asilimia 50 ya muda wa mfanyakazi kamili, ambayo ni saa 20 kwa wiki. Kwa kazi hiyo atalipwa posho, atasamehewa ada na kuwekewa bima ya afya. Saa 20 ndizo pia kikomo ambacho sheria ya uhamiaji ya Marekani inamwekea mwenye viza ya F-1 anayefanya kazi chuoni wakati wa muhula. Chuo kimenunua, mpaka saa ya mwisho, muda wote ambao mgeni huyu anaruhusiwa kuuuza.

Waangalie wanaofundisha Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayowaangukia vijana wetu wengi wanaokwenda kusoma isimu, fasihi, elimu au historia katika miji ya vyuo vikuu kama Madison, Bloomington au Athens ya Ohio. Darasa la mwaka wa kwanza hukutana mara nyingi siku nne au tano kwa wiki, asubuhi. Mwalimu anasimama mbele ya vijana ambao hawajawahi kukutana na kitenzi kinachobeba nafsi, wakati na mtendwa katika neno moja, na inampasa awafikishe mahali ambapo ngeli ya tano na ya sita haziwatishi tena. Vitabu vinavyofaa ni vichache, kwa hiyo anatunga mazoezi mwenyewe, anarekodi mazungumzo, anatafuta picha za sokoni na kuzitengenezea maswali. Kuna saa za ofisini, kuna majaribio ya kila wiki, kuna usaili wa kupima umahiri wa kuzungumza, na kuna meza ya Kiswahili ya jioni ambayo haimo katika hesabu ya saa lakini akikosekana ataulizwa. Insha zikishasahihishwa, ndipo anapofungua makala za semina yake mwenyewe, na mara nyingi hapo ni saa tano za usiku.

Sasa mtazame mwanafunzi wa Kimarekani aliyekaa mstari wa mbele katika darasa hilohilo. Mwaka 1958, Wasovieti wakiwa wamerusha Sputnik mwaka mmoja kabla, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa na kuanza kugharimia mafunzo ya lugha za kigeni, zikiwemo za Afrika. Kutokana na sheria hiyo zikaja fedha zinazoitwa FLAS, ambazo kwa miongo mingi zilimlipia mwanafunzi wa uzamili ada na posho ili ajifunze Kiswahili, bila kumtaka afanye kazi hata saa moja. Zilikuwa za raia na wakazi wa kudumu peke yao. Siwaonei kijicho waliozipata. Nchi ina haki ya kuwasomesha watu wake. Lakini katika chumba hicho aliyepewa ni yule anayejifunza. Yule anayefundisha analipwa, na bado sisi huku ndiye tunayemwita msaidiwa.

Tupige hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 15, kila mmoja analipa ada ya dola 10,000 kwa muhula kwa mzigo wa vipimo (credits) 15, na Kiswahili ni kozi ya vipimo 4. Sehemu ya ada inayoangukia kozi hiyo ni karibu dola 2,667 kwa mwanafunzi, karibu dola 40,000 kwa darasa zima. Mwalimu mwenye posho ya dola 23,000 kwa mwaka wa masomo anapata dola 11,500 kwa muhula huo. Najua chuo kina majengo, maktaba na mishahara ya wengine, na najua yapo madarasa ya Kiswahili yenye wanafunzi sita tu. Hata hivyo hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba anayesimama pale mbele analeta fedha, na hakuja kuzila tu.

Hapo nitajibiwa kwamba nimesahau ada aliyosamehewa, dola elfu thelathini au arobaini kwa mwaka, na kwamba huo ndio msaada mkubwa kuliko wote. Nimeikumbuka. Bei hiyo imepangwa na chuo, ikasamehewa na chuo, na haikupita mkononi mwa mtu yeyote. Mwanafunzi wa uzamivu humaliza kozi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo anaandika tasnifu, anaonana na msimamizi wake mara chache kwa muhula, huku akiendelea kufundisha kila asubuhi. Ada inaendelea kuandikwa na kufutwa katika vitabu vya chuo mwaka hadi mwaka, kisha huku nyumbani tunaijumlisha na kutangaza kwamba kijana amepewa dola laki tatu.

Imani hii haikuzaliwa Kariakoo wala Eastleigh. Vyuo vyenyewe vimeitetea kwa miongo mbele ya mamlaka za kazi, kwa hoja kwamba wasaidizi ni wanafunzi kwanza, na malipo yao ni sehemu ya elimu yao. Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi, ambayo wajumbe wake huteuliwa na rais, imeyumba nayo: mwaka 2000, katika shauri la Chuo Kikuu cha New York, iliamua kwamba wasaidizi ni wafanyakazi, mwaka 2004, katika shauri la Brown, ikasema si wafanyakazi, mwaka 2016, katika shauri la Columbia, ikarudi kusema kwamba anayefanya kazi chini ya maelekezo ya chuo kwa malipo ni mfanyakazi, hata kama papo hapo anasoma. Maamuzi hayo yanahusu vyuo binafsi. Vyuo vya umma vinafuata sheria za majimbo, na huko vita ni vya zamani zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, wasaidizi wa kufundisha waliunda chama chao mwaka 1966 na kugoma mwaka 1970 hadi wakapata mkataba. Mwaka 2011 sheria mpya ya jimbo la Wisconsin ikabana vikali haki ya wafanyakazi wa umma kujadiliana kwa pamoja.

Kwangu mimi ubishi ulikwisha Philadelphia mwaka 2023. Mwishoni mwa Januari wasaidizi wa Chuo Kikuu cha Temple waligoma wakidai nyongeza. Februari chuo kikawaondolea waliogoma msamaha wa ada na bima ya afya, kikawatumia madai ya kulipa ada ya muhula. Kama msamaha ule ulikuwa zawadi kwa mwanafunzi mwenye akili, akili yake haikupungua alipoweka chaki chini. Kilichoondoka ni kazi, na malipo yakaondoka nayo siku hizohizo. Chuo kilikiri kwa vitendo kile ambacho vyuo vingi vimekataa kukisema mbele ya mamlaka.

Miezi michache kabla, Novemba 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, waligoma kwa karibu wiki sita. Madarasa yalifungwa, maabara zikakaa kimya, na maelfu ya mitihani ikakosa wa kuisahihisha. Walirudi na mikataba iliyopandisha malipo kwa kiwango ambacho kabla ya hapo walikuwa wakiambiwa hakiwezekani.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ile ya mafunzo. Anayefundisha anajifunza kufundisha, na anayefanya utafiti wa profesa anajifunza kutafiti. Ni kweli. Daktari aliye katika mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo Muhimbili naye anajifunza kila saa anayokaa wodini, na hatujawahi kusikia akiambiwa kwamba fedha anayolipwa ni hisani ya hospitali. Norway na Uholanzi kwa kawaida humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa mkataba wenye mshahara, likizo na mchango wa pensheni, na elimu yao haijaharibika kwa hilo. Hata mamlaka ya kodi ya Marekani haina shaka: posho ya msaidizi wa kufundisha huandikwa kwenye fomu ya W-2, ileile anayopewa fundi wa kiwandani kwa mshahara wake.

Na kodi inamuuma mgeni zaidi. Mmarekani asiye na ndoa, kwa mapato ya mwaka 2024, alikatiwa kwanza dola 14,600 zisizotozwa kodi ya shirikisho. Mwanafunzi wa kigeni ambaye bado anahesabiwa kuwa si mkazi hapati punguzo hilo. Wahindi wanalipata kwa mkataba wa kodi kati ya nchi yao na Marekani, lakini Tanzania na Kenya hazina mkataba kama huo. Mtanzania anatozwa kuanzia dola ya kwanza. Kisha ipo michango ya chuo ambayo msamaha wa ada mara nyingi hauigusi, na upo mshahara wa kwanza unaoingia mwisho wa Septemba ilhali kodi ya nyumba na amana vilidaiwa Agosti. Na zipo Juni, Julai na Agosti. Mkataba wa miezi tisa unaisha Mei, na mwenye viza hawezi kwenda kubeba masanduku ghalani mjini kama wafanyavyo wenzake wenyeji. Mwenzi wake aliyekuja kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi kabisa.

Katikati ya hali hiyo simu inalia kutoka nyumbani. Shangazi anaumwa, paa la nyumba ya bibi limechoka, mdogo wake hajalipiwa ada. Mpigaji hana ubaya. Aliambiwa laki tatu za dola, naye anaomba dola 300. Kijana akisema hana, anaonekana bahili. Akisema analala na madeni, anaonekana mwongo. Wengi wanaona heri kukopa kwa kadi, kwa riba, kuliko kuubomoa uongo ambao hawakuutunga wao.

Huo ni upande wa nyumbani. Upande wa chuoni, imani hiyohiyo inawafunga midomo. Mtu aliyeaminishwa kwamba yupo pale kwa huruma hataomba maelezo anapopewa darasa la pili bila nyongeza. Hatasema kwamba saa 20 zimekuwa 30. Hatamripoti profesa anayemtuma kazi za nyumbani kwake. Wapo wanaoogopa hata kuhudhuria mkutano wa chama cha wasaidizi, ilhali mwenye viza ya F-1 ana haki ya kujiunga na chama kama wenzake. Na wakithubutu kulalamika mtandaoni, sisi wenyewe ndio wa kwanza kuwarushia ule msemo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Sijui msemo uliotumiwa vibaya kuliko huo. Shukrani ipo, na inawastahili watu: mwalimu wa sekondari aliyemkopesha kitabu, mhadhiri aliyekesha akimwandikia barua ya kumpendekeza, mzazi aliyeuza ng'ombe kulipia mtihani wa Kiingereza na tiketi. Kitengo cha mishahara cha chuo hakistahili shukrani zaidi ya ile anayopewa mwajiri yeyote anayelipa kwa wakati.

Mbaya zaidi, tumeileta imani hii kwenye vyuo vyetu. Katika vyuo vya umma vya Kenya wahadhiri wa muda, wengi wao wakiwa bado wanasoma uzamivu, wamelalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu malimbikizo ya malipo. Kwingine mwanafunzi wa uzamili anaongoza semina na kusahihisha rundo la majaribio bila karatasi yoyote yenye saini, kwa ahadi kwamba anapata uzoefu na kwamba jina lake litakumbukwa nafasi zikitangazwa. Anayejenga hoja kwamba kazi ya kitaaluma ya kijana ni fadhila anayotendewa, ndiye huyohuyo anayelala usingizi mwema wakati kijana huyo anatembea kwa miguu kutoka Changanyikeni hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kukosa nauli. Kila idara inayotumia wanafunzi wake kufundisha au kusahihisha iwape mkataba wa maandishi wenye saa, malipo na tarehe ya kulipwa, au isahihishe yenyewe.

Kwa anayeishika barua hivi sasa: vyuo vingi vya Marekani vimeridhia azimio la pamoja linalompa mwombaji aliyeahidiwa fedha hadi Aprili 15 kujibu. Muda huo uutumie kuuliza. Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Imeahidiwa kwa miaka mingapi, na imeandikwa wapi? Michango gani haijasamehewa? Bima inamhusu mwenzi na watoto? Mshahara wa kwanza unaingia lini, na chuo kina mkopo wa kumfikisha mgeni hapo? Wasaidizi wana chama? Andika kwa adabu, andika kwa uwazi, kama anavyoandika mtu aliyepewa ofa ya kazi na bado hajasaini. Nanyi wazazi, wajomba na mashangazi, kaeni naye muyapitie majibu hayo, kisha mkubaliane naye mapema ni kiasi gani ataweza kutuma, na miezi ipi hataweza kutuma chochote.