Spider-Man 2 umeionea

Ndugu mwandishi, orodha yako ya filamu za Spider-Man nimeipenda, ila kuiweka Spider-Man ya 2002 juu ya ile ya 2004, hapana, umeionea. Nimezirudia zote tatu za Sam Raimi na mwanangu likizo hii. Tulipofika kwenye tukio la chumba cha upasuaji katika hiyo ya 2004, madaktari wanajiandaa kuikata ile mikono ya adui Doctor Octopus kwa msumeno, mara mikono inaamka yenyewe na nesi anaburutwa huku kucha zake zikikwaruza sakafu, dogo akaacha kutafuna bisi. Hapo ndipo unakumbuka Raimi alianzia kwenye filamu za kutisha, The Evil Dead ya 1981. Na nyie mnaosema kwenye maoni eti kila kitu ni kompyuta za kizamani, Spider-Man 2 ndiyo iliyobeba Oscar ya madoido ya picha, na mikono ile mara nyingi ilikuwa ya kweli, inachezeshwa na watu. Hata kwenye ya kwanza, Peter anapodaka chakula cha Mary Jane kwa sinia, Tobey Maguire anayemwigiza alidaka mwenyewe. Sinia iligandishwa mkononi kwa gundi, wakarudia na kurudia mpaka ikakubali. Ya tatu sibishani nawe. Raimi amesema wazi kwamba yeye hakumpenda adui Venom, na inaonekana: maadui watatu wanagombania filamu moja kama abiria wa daladala ya jioni. Hiyo 5 kati ya 10 uliyoipa, umeihurumia, mimi naipa 3, tena kwa sababu ya Sandman tu anavyojikusanya punje kwa punje.