Msiwalipe wadukuzi

Mhariri,

Tangu wadukuzi waivamie Miljödata mnamo Agosti 2025, jirani zangu hapa Märsta huniuliza: walidai bitikoini 1.5 tu, si wangelipwa yaishe? Kampuni hiyo inahudumia manispaa takriban 200 za Uswidi, na mifumo yake hubeba hata taarifa za wafanyakazi kuhusu ugonjwa na ajali za kazini. Zilizoibwa, za watu zaidi ya milioni moja, zikamwagwa mtandaoni.

Yaishe vipi? Mkufu ukiibwa unaweza kukombolewa. Nakala ya taarifa hubaki kwa mwizi hata ukishalipa. Mwaka 2024 kampuni ya Marekani iliyomiliki Change Healthcare, inayoshughulikia malipo ya huduma za afya, iliwalipa wadukuzi walioiba taarifa zake dola milioni 22. Muda si mrefu kundi jingine, RansomHub, likaibuka na taarifa hizohizo, likidai chake.

Hospitali iliyofungiwa mitambo huku wagonjwa wakisubiri ni kesi nyingine, siisemei. Ila kumlipa mwizi kwa ahadi kwamba atafuta!

Afadhali tuwabane waajiri: taarifa za mtu aliyeacha kazi zamani zinatunzwa za nini? Mamlaka ya faragha, IMY, imefungua uchunguzi unaogusa hilo pia. Majibu nayasubiri.

Msomaji wako,
Märsta, Uswidi