Mganga hajigangi, sembuse mgonjwa

Imekuwa desturi katika ofisi na shule nyingi nchini kwamba mtumishi akipatwa na homa, maumivu ya viungo au uchovu usiokwisha, jina la ugonjwa hupatikana kabla daktari hajaonekana. Lisipokuwa malaria, huwa ni taifodi. Na maradhi yakikataa kuondoka baada ya dawa, jina huongezewa neno moja tu, yakawa "malaria sugu" au "taifodi sugu". Wenzake huafiki, kwa kuwa kila mmoja amewahi kuugua hivyo, na muuza dawa naye habishi. Hivyo ndivyo mwalimu asiyekubali mwanafunzi aandike jibu la hesabu bila kuonyesha njia anavyojiandikia jibu la mwili wake mwenyewe bila kuonyesha njia yoyote.

Mwenendo wa mambo hayo unajulikana. Mwezi wa kwanza mgonjwa hununua dawa ya mseto, akapata nafuu kidogo, akarudi darasani. Mwezi wa pili jasho la usiku linamlowesha shuka, kiuno kinamuuma, naye huhamia kwenye dawa za taifodi, akazimeza siku tatu na kuzihifadhi zilizobaki kwa ajili ya siku nyingine. Mwezi wa nne amekonda, daftari za wanafunzi zimelundikana mezani bila kusahihishwa, na minong'ono ya kurogwa imekwisha kuanza. Katika muda wote huo fedha zimetumika, dawa zimemezwa, na hakuna aliyeutafuta ugonjwa wenyewe.

Hapana budi ieleweke kwamba kosa la namna hii si dogo, na linaweza kupimwa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji wa Moshi. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, walikuwa wametajwa kuwa na malaria. Damu zao zilipochunguzwa kwa makini, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, sawa na asilimia 1.6. Katika wale waliopimwa magonjwa yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo. Ikiwa waganga wenyewe, wakiwa wodini, waliweza kukosea kwa kiasi hicho, mtu aliyekaa ofisini kwake akiipapasa shingo kuona kama ina joto atapata wapi uhakika?

Hesabu hizo ni za Moshi, ambako malaria ni haba. Kigoma au Mtwara mambo ni tofauti, na huko kuipuuza homa ni kucheza na mauti. Lakini tofauti hiyo yenyewe ndiyo inayothibitisha kwamba jibu hutoka katika kipimo, wala si katika mazoea.

Mojawapo ya magonjwa yaliyogunduliwa Moshi ni brusela, ambayo zamani iliitwa homa ya Malta. Ng'ombe na mbuzi wenye ugonjwa huo hutupa mimba; binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu. Homa yake hupanda na kushuka kwa majuma, hata miezi, ikifuatana na jasho, uchovu na maumivu ya viungo. Ni rahisi mno kuidhania kuwa malaria inayorudi. Mganga wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliviona vijidudu vyake kisiwani Malta mwaka 1887. Lakini haikujulikana kwamba vinatoka kwa mbuzi mpaka mwaka 1905, Themistocles Zammit alipowapima wanyama hao. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua mno kambini. Wataalamu wenye darubini walihitaji miaka 18 kufahamu homa ile ilitoka wapi. Na tiba yake leo ni dawa mbili kwa pamoja, kwa muda wa majuma sita hivi. Dawa za siku tano haziwezi kuiondoa.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba dawa iliyomezwa kwa kubahatisha huweza kuuficha ugonjwa wa kweli. Siprofloksasini, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya "taifodi", na jamii yake huweza kuvififisha vijidudu vya kifua kikuu kwa muda bila kuviua. Mgonjwa hudhani amepona, kipimo huweza kutoonyesha kitu, na wakati huohuo anaendelea kuliambukiza darasa zima na watoto wake nyumbani. Zaidi ya hayo, vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa hujifunza kuistahimili. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alitoa onyo hilo mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, si haki lawama zote kumwangukia mgonjwa. Mtu halikimbilii duka la dawa kwa kuchukia elimu. Hulikimbilia kwa kuwa foleni ni ndefu, kwa kuwa amewahi kuandikiwa dawa na mhudumu ambaye hakumtazama usoni, au kwa kuwa mkuu wake wa kazi humwona mtoro kila aombapo ruhusa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Mhudumu anayekiuka agizo hilo anamfundisha mwananchi kubahatisha. Vivyo hivyo kipimo cha Widal, kilichoanza kutumika mwaka 1896, huweza kumwonyesha mtu kuwa na taifodi kumbe ni alama ya ugonjwa wa zamani au wa aina nyingine. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza amepimwa nini, na kama damu yake inaweza kuoteshwa maabara ili jibu liwe la hakika.

Wala haina maana kwamba mgonjwa anyamaze. Hakuna aujuaye mwili wake kuliko yeye. Ila yeye ni shahidi, si hakimu. Kazi ya shahidi ni kutunza kumbukumbu, na kazi hiyo walimu na makarani wanaiweza kuliko wote. Daftari moja latosha: homa ilianza tarehe gani na hupanda saa ngapi, jasho na kikohozi vina muda gani, uzito umepungua kilo ngapi, maziwa yanayonywewa huchemshwa au la, mifugo nyumbani ina hali gani, na dawa zote zilizokwisha kumezwa, hata zile za kuonea haya. Kikohozi cha majuma mawili kisisubiri la tatu, na homa isisubiri kesho. Dawa isipoleta nafuu, mgonjwa na arudi na daftari lake palepale alipopimwa, badala ya kuanza upya katika duka jingine.

Watumishi wa umma hawana udhuru mkubwa wa gharama, kwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kwa ajili yao mwaka 2001, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kinachohitajika ni wakuu wa shule na idara kuiona siku ya kupimwa kuwa sehemu ya kazi, na waganga kusikiliza kabla ya kuandika.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kando ya redio, wakajifunza visababishi vya maradhi, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Miongoni mwa waliowaongoza walikuwamo walimu. Jamii bado inamtazama mwalimu. Akinunua dawa kwa kubahatisha, kijiji kizima kitabahatisha. Akisimama kwenye foleni ya maabara akiwa na daftari mkononi, wazazi wa wanafunzi wake watasimama nyuma yake.