Sharia Imempa Udhuru, Sisi Tumemnyima



Wiki hii twawaomba wasomaji wetu, wake kwa waume, watuvumilie tukizungumza jambo ambalo nyumba nyingi huliweka nyuma ya pazia. Twalizungumza kwa sababu ukimya wetu una mwanamke anayeumia kwao, naye huumia peke yake. Jambo lenyewe ni nasuri ya uzazi, ambayo hospitalini wengi huiita fistula.

Neno nasuri limetujia kutoka Kiarabu, na maradhi haya hayakuwa mageni kwa matabibu wa Kiislamu. Karibu miaka 1,000 iliyopita, Ibn Sina alieleza katika al-Qanun kwamba msichana aliyeozwa akiwa mdogo mno aweza kupasuka kibofu kwa ukubwa wa mtoto anayezaliwa, na tokea hapo mkojo usimshike tena. Akawausia matabibu wamfunze msichana wa namna hiyo njia za kujikinga na mimba. Kwa zama zake aliliona kuwa jeraha lisilo dawa. Leo dawa ipo.

Jeraha lenyewe hutokea hivi. Mama ashikwapo na uchungu na mtoto asipate njia ya kutoka, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini za mama kwenye mfupa wa nyonga. Ikiwa hali hiyo itadumu siku nzima, au mbili, au tatu, damu hukosa kupita na nyama zile hufa. Siku chache baadaye hutokea tundu baina ya kibofu na njia ya uzazi, na pengine baina ya njia ya uzazi na utumbo wa nyuma. Mkojo au choo huanza kuvuja usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye huwa amezaliwa akiwa maiti. Basi mama hutoka katika uchungu ule mikono mitupu, nguo zimerowa, na jirani ameziba pua.

Yafaa tuliangalie jambo hili kutokea Turkana, ambako sababu zake huonekana wazi zaidi kuliko mijini. Na asiseme mtu kwamba Turkana ni mbali nasi. Ni kweli kwamba kutoka Mombasa hadi Kakuma ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Lakini wazee wetu wangali wanazikumbuka kambi za wakimbizi zilizokuwa papa hapa Mombasa, kama ile ya Utange. Kambi zile zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi ya waliokuwamo walirejea kwao, na wengine walipelekwa Dadaab na Kakuma. Kwa hivyo miongoni mwa wanawake tunaowataja leo wamo waliowahi kuwa majirani zetu, na mabinti wa majirani zetu.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kule Turkana, kuchelewa kufika hakuhitaji maelezo mengi. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, na mwanamke wa Kibish, karibu na mpaka wa Ethiopia, yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Kakuma na Lodwar zimetengana kwa kilomita zipatazo 120, na mvua ikinyesha mto Tarach, ambao siku nyingi huwa mchanga mtupu, hufurika ukakata njia. Mnamo Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba mama hatatozwa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Lilikuwa jambo jema, ila ada iliondoka na nauli ikabaki.

Kuchelewa kuhudumiwa nako kuna mambo yake. Wanawake wengi wa Kiturkana wamezoea kuzaa wakiwa wamepiga magoti au wamechutama, wakizungukwa na wanawake wanaowajua. Kulazwa chali kitandani mbele ya wageni, na pengine kukaripiwa, ni fedheha kwao. Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Mgonjwa huko huenda akahitaji mkalimani. Mkalimani akiwa ni mwanamume wa mtaa wake, mama atasema nusu ya maneno, na nusu iliyobaki ndiyo yenye ugonjwa.

Lakini kuchelewa kunakotuhusu zaidi ni kule kwa kwanza, kuchelewa kuamua. Huku hakuletwi na jangwa wala mto, hutokea sebuleni. Mama ana uchungu tangu jana, na kila aliye karibu naye anajua kwamba mambo hayendi sawa. Hata hivyo yangojewa kauli ya mume, naye yuko malishoni au safarini. Akipatikana, mama mkwe husema kwamba yeye alizaa saba chini ya paa lake. Hospitalini daktari akisema kwamba upasuaji wahitajika, huanza baraza jingine la wanaume, na mwenye tumbo haulizwi. Saa hizo za mashauriano ndizo zinazotoboa kibofu.

Nasi Waswahili tusijione kwamba tumesalimika. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima karibu wazazi 9 kati ya 10 huzalishwa na mhudumu mwenye ujuzi, ilhali Turkana ni karibu nusu tu. Na katika orodha hiyo hiyo ya kaunti za nyuma imo Tana River, ambayo ni pwani yetu wenyewe.

Baada ya jeraha huja unyanyapaa, na hapo ndipo dhuluma hukamilika. Waliochelewesha uamuzi hawaulizwi neno. Anayeulizwa ni yeye: alifanya nini hata akapatwa na haya? Mmoja husema ni laana, mwingine husema alitoka nje ya ndoa, wa tatu husema ni uchawi. Mume huhamia chumba kingine, kisha nyumba nyingine. Arusini haalikwi. Naye mwenyewe, kwa kuogopa harufu, hupunguza kunywa maji; mkojo ukawa mkali zaidi, na ngozi ikachomeka.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba wako wanaoacha hata swala. Hudhani kwamba kwa kuwa najisi haikatiki, basi mlango wa Mola wao umefungwa. Hilo si kweli, na ni wajibu wetu kulisema kwa sauti.

Fatima bint Abi Hubaysh, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na damu isiyokatika. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza iwapo aache kuswali. Mtume akamweleza kwamba huo ni mshipa wala si hedhi, na akamwelekeza jinsi ya kuendelea na ibada yake. Habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Yapasa tuitafakari. Mwanamke alitaja maradhi ya ndani kabisa ya mwili wake mbele ya Mtume, naye hakukemewa wala hakuambiwa kwamba hayo si ya kusemwa. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao.

Kutokana na msingi huo, wanazuoni wetu wa Kishafii wameeleza hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, na ndani yake yumo asiyeweza kuuzuia mkojo. Wakati wa swala ukiingia, atajisafisha, atajifunga kitambaa kinachozuia, atatawadha, kisha ataswali pasina kukawia. Kitakachomtoka baada ya hapo, hali ya kuwa amejifunga vizuri, hakimharibii swala yake. Atafanya hivyo kwa kila faradhi, na sunna ataswali apendazo kwa udhu ule ule. Saumu yake haivunjwi na mkojo unaovuja. Mwenye nasuri na amwendee mwanachuoni amweleze hali yake yote, na asiyeweza kwenda mwenyewe amtume mwanamke mwenziwe amuulizie.

Kwa hivyo sharia imekwisha kumpa udhuru mwanamke huyu. Waliomnyima udhuru ni jirani, shoga na mume. Tukimfukuza mkekani mtu ambaye Mola wake amemruhusu kusimama mbele Yake, tujiulize twaitetea haya gani.

Tena ni maradhi yenye tiba. Mama akianza kuvuja mara tu baada ya kujifungua, aende hospitali bila kungoja: tundu dogo laweza kuziba lenyewe akiwekewa mpira wa mkojo mapema. Likiwa limekwisha kukomaa, hutengenezwa kwa upasuaji, na kwa majeraha yasiyo magumu upasuaji huo hufaulu kwa hadi wanawake 9 kati ya 10. Aliyevuja kwa miaka 20 naye asikate tamaa, kwani jeraha la zamani pia hutengenezwa. Na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwamo za uzazi, na imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Imesema kila mtu. Mkimbizi wa Kakuma yumo.

Twawausia wanaume wenzetu na waume wa mabinti zetu jambo moja jepesi. Mimba ifikapo mwezi wa saba, kaeni na wake zenu, na mbele ya mama mkwe semeni wazi: nikiwepo au nisiwepo, ukishikwa na uchungu usingoje kauli yangu, na daktari akisema kisu, basi uamuzi ni wako. Wekeni nauli kando, na mjue ni gari la nani litakaloitwa usiku. Uchungu uliokwisha nusu siku bila dalili ya mtoto kukaribia usingojewe tena nyumbani.

Kina mama nao, mkimjua mwenzenu aliyejifungia ndani tangu alipozaa, mwendeeni. Msimuulize alikosea wapi. Mpelekeeni maji ya kunywa na kitambaa safi, mkae naye mpaka wakati wa swala uingie, mswali pamoja. Kesho yake mfuatane naye hospitali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa Lodwar, wa Kakuma, wa Tana na wa mitaani mwetu, na atusamehe kwa tuliyoyanyamazia. Wabillahi tawfiq.