Tusiache mbachao kwa msala wa Halloween

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapoelekea ukingoni, walimu wa Kiingereza katika pembe nyingi za dunia hugawa darasani karatasi zenye picha za popo, mafuvu ya vichwa, wachawi waliopanda fagio na maboga yaliyochongwa macho na meno. Ni mazoezi ya Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba, yaliyotungwa ili mtoto ajifunze Kiingereza huku akicheza. Kwa vile karatasi hizo hupatikana bure kwenye intaneti, mwalimu wa Riruta Satellite naye hana kinachomzuia: ataingia katika saiba iliyo kando ya barabara ya Naivasha, atachapisha ukurasa mmoja na kuutolea nakala, na kesho yake watoto wa gredi ya tatu watakuwa wakipaka rangi kofia ya mchawi.

Je, jambo hili lafaa? Wako wanaolisifu kwa kuwa ni la kisasa, na wako wanaolilaani kwa kuwa, kwa maoni yao, ni la kishetani. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimelitazama vazi zikamsahau aliyelivaa. Kilicho kizuri katika mazoezi hayo ni mchezo. Kilicho kigeni ni sherehe. Mchezo tuuchukue. Sherehe tuwaachie wenyewe, kwa maana sisi tunayo mali ya kuchezea iliyo bora zaidi kwa watoto wetu.

Kwanza tuutendee haki mchezo huo. Kwa miaka mingi mtoto wa Kenya alikipata Kiingereza kwa kukariri na kujaza mapengo, na mara nyingi kwa hofu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986, ameeleza jinsi mwanafunzi aliyesikika akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa viboko, au kuvishwa shingoni kibao chenye maneno ya kumwita mjinga ama punda. Desturi ya kibao haikufa na ukoloni; wasomaji wengi wa ukurasa huu watakikumbuka kilivyozunguka darasani kutoka shingo moja hadi nyingine. Mtoto aliyelelewa hivyo huwa hodari wa kunyamaza. Mbele ya hali hiyo, mtoto aliyejificha nyuma ya kinyago cha karatasi husahau haya zake, na wenzake wanaokisia yeye ni nani huuliza maswali kumi ya Kiingereza bila hata kujua kwamba wanafanya sarufi. Hilo si la kubezwa.

Hata hivyo, inafaa tuulize mazoezi haya yalitungiwa nani. Yanamfaa mtoto wa Japani au wa Hispania ambaye, akitoka darasani, hakisikii Kiingereza mpaka kipindi kijacho. Kwake Kiingereza ni lugha ya kigeni, na mwalimu humwonjesha mila za wenye lugha ili apate hamu. Hali ya Riruta Satellite ni nyingine. Hapa mtoto huamka kwa Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kikisii au Kikamba. Akitoka nje ya ploti hucheza kwa Sheng. Dukani hununua kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kuanzia gredi ya nne, Kiingereza ndicho kinachofundishia hisabati na sayansi, na asiyekielewa hapotezi somo moja, bali hupoteza karibu yote. Mtoto huyu hahitaji kuonjeshwa mila za Marekani ndipo apate sababu ya kujifunza Kiingereza. Sababu anayo tangu zamani. Anachokosa ni jambo la kusema, na mtu husema vizuri jambo analolijua.

Halloween yenyewe ina asili yake. Ilitokana na sikukuu ya kale ya Wairishi iliyoitwa Samhain, iliyofunga mavuno na kufungua msimu wa baridi, na baadaye ikaungana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba. Wairishi waliokimbia njaa kubwa ya miaka ya 1840 waliipeleka Marekani kwa wingi. Kwao walikuwa wakichonga mizizi minene ya mboga na kuitia mwanga ndani. Walipofika ugenini wakakuta maboga, ambayo ni makubwa na mepesi kuchonga, wakayashika hayo. Msomaji na aone hapo jambo la maana: Mwirishi mwenyewe hakung'ang'ania mzizi wake. Aliubeba mchezo, akaucheza kwa zao la mahali alipofika. Sisi hatuombi zaidi ya hilo. Hapa Nairobi mwisho wa Oktoba si wakati wa majani kukauka na kuanguka. Vuli yetu ni mvua, na ikinyesha juu ya mabati ya madarasa ya Kawangware na Kibera, sauti ya mwalimu humezwa.

Katika karatasi hizo liko neno moja linalotutia wasiwasi kuliko yote, nalo ni "witch". Kwa mchoraji wa Marekani, huyo ni kikongwe wa kuchekesha mwenye pua iliyopinda. Mtoto wa Riruta Satellite atauliza maana yake, mwalimu atajibu kwamba ni mchawi, na hapo mchezo utakuwa umekwisha. Mwezi wa Mei 2008, watu 11 walichomwa moto wakafa katika eneo la Kisii kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wakiwa wazee. Mwezi wa Oktoba 2021, majuma mawili tu kabla ya siku ya Halloween, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, katika kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za namna hiyo hiyo. Katika kaunti ya Kilifi pia wazee wameuawa, na wengine wamelazimika kuyahama makao yao wakihofia maisha. Wakazi wengi wa Riruta na Kawangware wana mama zao na nyanya zao huko mashambani. Kumwonyesha mtoto wa miaka minane ajuza mwenye mgongo uliopinda, na kumfundisha kumwita mchawi, ni kumpa neno la Kiingereza kwa gharama ya nyanya yake. Mwalimu hakukusudia hivyo, lakini mtoto hujifunza picha kabla ya kujifunza neno.

Wazazi nao wana kumbukumbu zao. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza madai ya ibada za shetani nchini, na shule hazikuepuka kutajwa katika mjadala huo. Msomaji anaweza kuyaamini madai yale au asiyaamini. Lililo hakika ni kwamba mzazi anayemkuta mwanawe akichora fuvu katika daftari la Kiingereza hataulizia sarufi; ataulizia shule ile ni ya nani. Katika shule ndogo za mitaa yetu, zinazosimama kwa karo ya mzazi wa kipato cha siku kwa siku, mwalimu hawezi kumudu kupoteza imani ya mzazi kwa ajili ya popo wa karatasi.

Tuje sasa kwenye boga, au malenge kama wengi wetu tunavyoliita. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Wenye Halloween hulikomba boga likawa taa. Kwetu boga ni chakula, na majani yake pia: hupondwa ndani ya mukimo, Waluhya huyaita lisebebe na Wajaluo huyaita susa. Katika jiji ambalo mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa mwaka wa 2023, umewavuta watoto kwa chakula cha mchana cha shilingi tano, boga la kupamba dirisha ni somo la ajabu. Mwalimu na anunue boga moja katika soko la Kawangware, aliweke mezani, na wanafunzi walitaje kwa Kiingereza: ganda, nyama, mbegu, kikonyo, ua, jani. Wakisie idadi ya mbegu, kisha wazihesabu. Mmoja awe muuzaji na mwingine mnunuzi, wapatane bei. Mwingine aeleze hatua kwa hatua jinsi mama yake anavyolipika. Somo likiisha, lipikwe liliwe.

Na kama ni hofu tamu ya gizani, ambayo kweli kila mtoto huipenda, tunayo mazimwi. Wakikuyu wana irimũ, Wakamba wana eimu, Wajaluo wana apul-apul, Wabukusu wana linani. Darasa moja la Riruta Satellite huenda likayakusanya yote manne, na watoto watashangaa kugundua kwamba jitu ni lile lile: lafi, lenye nguvu, na jinga kiasi cha kushindwa na mtoto mwerevu. Tofauti na mchawi, zimwi halina mlango katika kijiji chochote wala jirani anayeweza kusingiziwa kuwa ndiye. Hutisha, lakini halimchongei mtu. Zimwi likujualo, walisema wazee, halikuli likakwisha.

Hayo si mawazo mapya. Tarehe 24 Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi, walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, ikiwemo ya simulizi, iwekwe katikati ya masomo, nayo ya nchi nyingine itazamwe kutoka hapo. Mwezi wa Septemba 1974 walimu walikutana katika shule ya Nairobi School kuujadili ufundishaji wa fasihi katika shule za sekondari. Hatimaye fasihi simulizi iliingia katika mtihani wa Kiingereza wa sekondari. Ni jambo lisiloeleweka basi kwamba mwanafunzi huyo huyo atakayetahiniwa juu ya hadithi za mazimwi akiwa sekondari aanzishwe, akiwa gredi ya tatu, kwa mchawi mwenye fagio.

Namna ya kufanya si ngumu. Kwanza, mwalimu awape watoto siku tatu wakaulize nyumbani hadithi moja ya zimwi. Ambaye nyanya yake yuko mbali atapigiwa simu, na dakika chache za maongezi zitatosha. Hadithi itasikilizwa kwa lugha ya mama au kwa Kiswahili, kisha itasimuliwa darasani kwa Kiingereza. Hapo vitenzi vya wakati uliopita, vile vinavyobadilika ovyo na kuwatesa wanafunzi, vitatumika vyenyewe, kwa maana zimwi lilikuja, likala, likalala, likafa. Pili, watoto wachore zimwi wasiloonyesha wenzao, wamweleze jirani kwa maneno tu, naye alichore kwa kusikia. Michoro ikilinganishwa, kila kosa la lugha litaonekana kwa macho na darasa litacheka bila mtu kuaibika. Tatu, viwepo vitendawili. Mtoto akitega kwa Kiingereza ile nyumba isiyo na mlango, wenzake watagombania jibu, na huko ndiko kusema. Nne, vinyago vitengenezwe kwa maboksi ya dukani, vya fisi, sungura na kobe, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Haya yote hayahitaji nakala hata moja.

Hatusemi kwamba Halloween ifukuzwe shuleni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi wa sekondari ana haki ya kuijua, kusoma jinsi Wairishi walivyoihamisha, kujadili kwa nini biashara imeikuza, na kuilinganisha na mila za kwao. Huo ni ujuzi, na ujuzi haumwozei mtu. Tunachopinga ni kumvisha mtoto mchanga sherehe ya watu wengine kana kwamba lugha haiji mpaka ije na nguo zake zote.

Wako watakaosema kwamba muda ni mfinyu, madarasa yamejaa na mtihani unakaribia. Ni kweli, na ndiyo maana tunasisitiza kwamba mchezo si pumbao la kujazia Ijumaa alasiri. Mtihani wa darasa la nane, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, uliwazoesha walimu kuandaa watoto wa kuchagua jibu kati ya manne. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 kwa madarasa ya chini, unadai mtoto aonyeshe anachoweza kufanya. Mtoto anayeweza kusimama mbele ya wenzake arobaini na kuwasimulia hadithi kwa Kiingereza, mpaka mwisho, ameonyesha.

Kwa hiyo tunaiomba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, pamoja na wachapishaji wetu, waandae mazoezi mafupi ya Kiingereza yaliyojengwa juu ya hadithi na vitendawili vya jamii zetu, na wayatoe bure kama yanavyotolewa yale ya Halloween. Mwalimu huchukua kilicho karibu na mkono wake; asilaumiwe ikiwa kilicho karibu ni cha kigeni. Nanyi wanafunzi, msingoje taasisi. Ulizeni nyumbani leo, kabla wanaozijua hadithi hizo hawajapungua zaidi.