Funzo la "Malaika" kwa watunzi wa Litembo: wimbo huvuka mipaka, haki hudai kumbukumbu

Katika milima ya Umatengo, mkulima wa kahawa wa Litembo, wilayani Mbinga, anapofikisha mzigo wake katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), hupimiwa kilo zake na kupewa stakabadhi. Karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha kudai malipo baada ya mnada, hata kama kahawa yenyewe imekwishasafirishwa na kuchanganywa na ya wengine. Vijana wa eneo hilo wanaotunga nyimbo za kwaya, za muziki wa kizazi kipya au zenye mapigo ya ngoma ya mganda wana zao jingine linaloweza kufika mbali kuliko kahawa. Swali ni iwapo nao hubaki na stakabadhi.

Historia ya wimbo "Malaika" inaonesha uzito wa swali hilo. Wimbo huo, unaosimulia kijana anayempenda binti lakini akashindwa kumwoa kwa kukosa fedha, ulirekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mkenya Fadhili William akiwa na kundi la Jambo Boys, na baadaye akiwa na Equator Sound Band. Sauti yake ni ya taratibu na maneno yake ni machache, kiasi kwamba hata asiyejua Kiswahili huweza kuyashika baada ya kuyasikia mara chache.

Wepesi huo uliupeleka mbali. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba katika majukwaa ya mataifa mengi, na mwaka 1965 uliingia katika albamu aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte wa Marekani, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy. Kundi la Boney M. la Ujerumani liliurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akafanya hivyo mwaka 1991. Ni nyimbo chache za Kiswahili zilizowahi kupata waimbaji wengi kiasi hicho nje ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, swali la nani aliyeutunga halijapata jibu linalokubaliwa na wote. Fadhili William, aliyefariki dunia mwaka 2001, alitambulika kwa miaka mingi kuwa mtunzi. Vyanzo vingine humtaja Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, kuwa aliutunga mwaka 1945 akiwa Nairobi, miaka mingi kabla haujarekodiwa. Wapo na wengine waliodai kuwa ni wao. Hivyo, wimbo unaomlilia kijana asiye na fedha umeingiza fedha duniani kote huku watunzi wanaotajwa wakigombaniwa.

Chanzo cha mkanganyiko kama huo ni kutotenganisha vitu viwili. Kutunga wimbo ni jambo moja. Kuuimba au kuurekodi ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavitambua vyote: mtunzi ana hakimiliki, ilhali mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki. Chini ya sheria hiyo, kazi hulindwa kwa kule kubuniwa tu, bila sharti la kusajiliwa. Lakini mgogoro ukizuka, mwenye ushahidi wa maandishi huanza safari akiwa mbele. Ndiyo maana usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) una thamani, ingawa ni wa hiari.

Haja hiyo imeongezeka katika zama za intaneti. Mwaka 2024, wimbo "Komasava" wa Diamond Platnumz, uliobeba salamu ya Kifaransa kwa matamshi ya Kiswahili, uliwakutanisha Khalil Harisson na Chley, kisha toleo lake jipya likamwongeza Jason Derulo wa Marekani. Kazi yenye mikono mingi namna hiyo huhitaji makubaliano ya mgawo kabla haijaachiwa hewani, kwa kuwa baada ya umaarufu kuja kila mmoja hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa zaidi.

Serikali imechukua hatua katika eneo hili. Januari 2022, COSOTA iligawa mirabaha ya Shilingi milioni 312 kwa wasanii wa muziki. Mabadiliko ya sheria yaliyofanyika mwaka huo yalifungua njia kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha kwa niaba ya wabunifu. Pamoja na hayo, hakuna mfumo unaoweza kumfikishia fedha mtu ambaye jina lake halimo katika kumbukumbu.

Kwa mtunzi wa Litembo, hatua za kuanzia hazihitaji mtaji mkubwa. Aandike mashairi na tarehe, arekodi sauti japo kwa simu, na kabla ya kuingia studio atie saini makubaliano yanayoonesha nani katunga, nani kaimba na nani katayarisha. Kisha asajili kazi yake COSOTA, na yeye mwenyewe ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Anayetumia mapigo ya mganda, au ya kioda ya akina mama wa mwambao wa Ziwa Nyasa, akumbuke kuwa sanaa za jadi ni mali ya jamii. Sheria inataka matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira ya asili yapate kibali cha BASATA.

Kwa mujibu wa sheria, hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijana wa miaka 20 anayetunga leo anaweza kuwaachia wajukuu haki ambayo hatakuwepo kuwatetea. Watakachokuwa nacho mkononi ni ile karatasi aliyoiandika akiwa hai.