Saruji ya Tororo: soma namba kabla ya kupakia

Mfanyabiashara wa Busia anayepakia saruji Tororo hukuta bidhaa mbili ndani ya mifuko inayofanana: ya 32.5 na ya 42.5, zote kilo 50. Tofauti ya bei kila mtu anaijua. Tofauti ya kazi wengi hawaijui, na hapo ndipo hasara huanzia.

Saruji hutokana na klinka, yaani mawe ya chokaa yaliyochomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Kuchoma huko kunakula mafuta mengi, na klinka ya kutoka ng'ambo hulipiwa pia safari ndefu kutoka bandarini Mombasa. Ndiyo maana viwanda hupunguza klinka na kutia pozolana, mawe ya volkeno yaliyosagwa. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 18-1, kinaruhusu jambo hilo: CEM II/B-P ina pozolana asilimia 21 hadi 35, na CEM IV/B asilimia 36 hadi 55. Kwa hiyo pozolana peke yake haifanyi saruji kuwa feki.

Kinachobadilika ni kasi. Pozolana haigandi yenyewe. Husubiri chokaa inayotoka kwenye klinka ikishakutana na maji. Saruji ya 42.5N hutakiwa kufikia niutoni 10 kwa milimita mraba ndani ya siku 2. Ya 32.5N hupimwa siku ya 7, ikitakiwa kufika 16. Siku ya 28 kila moja lazima ifikie namba yake. Zege la pozolana likimwagiliwa maji huzidi kupata nguvu hata baada ya hapo. Likikauka mapema, nguvu hiyo haiji.

Kwa kawaida 32.5 ni ya plasta na kujengea matofali, na 42.5 ni ya slabu na nguzo. Fundi akitumia 32.5 kwenye slabu kisha aondoe mbao kwa mazoea ya 42.5, jengo linaweza kuanguka, na lawama hurudi dukani.

Sheria ya viwango ya EAC ya mwaka 2006 inatambua alama ya ubora ya kila nchi mwanachama, iwe ya UNBS au KEBS. Lakini alama haichagui kazi. Ankara iandike namba na herufi za aina, si jina la kampuni tu. Mwenye lori anayebeba aina zote mbili azitenganishe na kuhesabu kila moja peke yake wakati wa kushusha.